Afadhali Kuliko Nini?

Mswada wa kurekebisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya, uliopelekwa Seneti mwaka 2024 na Seneta Catherine Mumma, umejaa mambo ya mawakili: leseni, maonyo, umri wa mnunuzi. Mimi ni muuguzi mstaafu wa hapa Bondo, na Jumapili huketi na Umoja wa Akina Mama wa kanisa la Anglikana. Nikiusikia mswada huo ukijadiliwa, nasikia ndani yake swali ambalo wahubiri walilijua kabla ya maseneta: je, ni halali kumpa mtu ubaya mdogo ili aepukane na ule mkubwa?

Kisa cha swali hilo kilianza 2019, vifuko vya nikotini, ambavyo mswada unavigusa, vilipoingia madukani. Ni vijifuko vyeupe vya kubana kati ya ufizi na mdomo, havina jani la tumbaku wala moshi. Sheria yetu ya 2007 ilitungwa kwa ajili ya tumbaku, basi vifuko vikasajiliwa chini ya Sheria ya Dawa na Sumu. Mwaka 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo haukuwa sawa, vikaondolewa, kisha vikarudi kwa jina jingine. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo kitu kimoja kilikuwa na karatasi za dawa huku kikipangwa kibandani kando ya peremende, tena chenye ladha ya mnanaa.

Wanaovitetea wana hoja, na ni haki kuisikiliza. Sigara inapoungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji, lakini kinachomuua hasa ni moshi. Uswidi, ambako watu wengi hutumia tumbaku ya kuweka mdomoni, ina wavutaji wachache kuliko karibu nchi zote za Ulaya. Nawafikiria wavuvi wa omena wa Usenge na Uhanya, wanaokesha ziwani na taa zao usiku usio na mbalamwezi, sigara moja ikiwasha nyingine kwa sababu ya baridi na usingizi. Mmoja wao aliwahi kunionyesha kikopo cha vifuko hivyo na kuniuliza, "Sista, hii si afadhali?" Nikamjibu kwamba kwake yeye, akiacha sigara kabisa, ni afadhali sana.

Msichana anayesoma chuo kikuu hapa mjini naye alinionyesha kikopo kama hicho. "Dani," akasema, yaani nyanya kwa Kijaluo, "usijali, hii si sigara. Ni afadhali." Nikamuuliza, afadhali kuliko nini? Hakuwa amevuta hata siku moja maishani mwake. Mvuvi alikuwa akishuka ngazi. Huyu alikuwa akiipanda, na kikopo ni kilekile.

Jirani yangu Mwadventista haoni ugumu wowote hapa. Kanisa lake, lililofika Gendia mwaka 1906, linafundisha kwamba mwili ni hekalu na tumbaku ya namna yoyote haina nafasi ndani yake. Namheshimu, kwa kuwa nimeona waliookolewa na ukali huo. Lakini nilifanya kazi ufuoni miaka ya ukimwi, siku za jaboya, mwanamke alipokuwa hapati samaki wa kuuza mpaka alale na mvuvi. Tuligawa kondomu. Wapo viongozi wa dini waliotuambia tunabariki uzinzi, nasi tulikuwa tunazika vijana kila wiki. Kisha mwaka 2010 Papa Benedikto XVI alisema katika mahojiano kwamba mtu anayeuza mwili wake akitumia kondomu ili asimwambukize mwenzake, hilo laweza kuwa hatua ya kwanza ya kuwajibika kimaadili. Neno lake lilinipa faraja, ingawa mimi si Mkatoliki. Hatua huwa na mwelekeo: ubaya mdogo unapata uhalali wake kutokana na mahali mtu anapotoka na anapokwenda.

Mtu mwenye akili kali ataniuliza: wewe mwenyewe uligawa kondomu bila kuuliza nani ameshaanza na nani bado, mbona leo unamhoji mwenye duka? Jibu langu ni kwamba kondomu haimfanyi mtu aitamani kesho. Hakuna aliyewahi kuamka saa tisa usiku akitetemeka kwa kuikosa. Nikotini, hata bila moshi, hutengeneza mteja wake yenyewe. Tena kondomu zetu zilikuwa za bure, hakuna aliyetajirika kwa sababu mtu amerudi kuchukua nyingine. Anayeuza vifuko hupata faida yule mvuvi akivihitaji hadi kufa. Huruma ya kweli humtakia mtu siku ambayo hataihitaji tena.

Wala sisemi kwamba kitu kinachofunga hakiwezi kamwe kuwa huruma. Tangu 2014, kuanzia hospitali ya Mathari, Kenya imekuwa ikiwapa methadoni watu waliozama katika heroini, na methadoni nayo hufunga. Lakini hutolewa na mhudumu anayemjua mgonjwa kwa jina na kujua kipimo chake. Haipangwi kibandani kando ya peremende.

Bondo ina somo jingine. Wanawake wa hapa walikuwa miongoni mwa walioshiriki utafiti wa FEM-PrEP, wa vidonge vya kuzuia maambukizi ya HIV, uliosimamishwa mwaka 2011. Wengi walisema wanavimeza, lakini vipimo vya damu vikaonyesha vinginevyo. Dawa haikuwa na kosa. Kinga haimsaidii mtu ikibaki ndani ya chupa, na kifuko hakimsaidii mvutaji anayekiongeza juu ya sigara zake zilezile.

Uganda, kwa sheria yake ya 2015, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki na shisha. Naelewa hofu yao, lakini sitaki mlango ufungwe usoni pa mvuvi huku sigara zikibaki zimejaa kila kibanda. Sheria yetu ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na kila mtu anajua pa kuinunua. Tukikifanya kifuko kuwa kigumu kupatikana kuliko sigara, tutakuwa tumemrudisha mvuvi kwenye moshi kwa jina la afya. Tukikiacha kando ya peremende, tutakuwa tumemkabidhi yule msichana kwa muuzaji. Katika miaka yangu ya kazi sikuwa na kitu chochote cha kumpa mvutaji aliyetaka kuacha, isipokuwa maneno. Hapo ndipo ningewaomba maseneta waanze: wazipe zahanati dawa za kumsaidia anayeacha, waondoe ladha za kuwavuta watoto, sigara ya moja moja ikomeshwe kwa vitendo, na anayedai kwamba bidhaa yake inaokoa maisha aiuze mahali ambapo mtu huulizwa kwanza anaugua nini.

Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu kwamba nyama yenyewe haikuwa tatizo. Aliwaonya wasimkwaze ndugu aliye dhaifu. Ndivyo ninavyoiona nikotini. Kanisa likiihukumu bila kumtazama mtu aliyeishika, litamwacha mvuvi peke yake. Bunge likiipima kwa kemikali zake tu, halitamwona msichana. Mwenye kiwanda anaposema "afadhali", tuna haki ya kumdai amalizie sentensi, na asipoweza kutuambia mnunuzi wake anatoka kwenye ubaya gani, asiruhusiwe kuuza.