Sauti ya Zamani, Maneno Mapya

Swali hili huulizwa mara nyingi na waalimu: Je, ni halali kuichukua sauti ya wimbo wa kidunia na kuivika maneno ya Mungu? Tena wako wafanyao kinyume, waimbao sauti ya kanisa penye pombe kwa maneno ya mzaha. Mambo haya mawili ni ndugu, maana yote hujenga juu ya msingi wa mtu mwingine; lakini tusiyahukumu kwa neno moja.

Wimbo wa Ijumaa Kuu, ule wa kichwa kilichojeruhiwa, sauti yake ilitungwa na Hans Leo Hassler, ikapigwa chapa mwaka 1601. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyefadhaishwa moyo na msichana! Mwaka 1656 ikapewa maneno ya Paul Gerhardt, na leo ni nani amkumbukaye msichana yule? Johann Sebastian Bach alizidi. Mwaka 1733 alitunga muziki wa kumsifu mwana wa mtawala wa Saxony, na ndani yake Anasa humbembeleza Hercules alale, ili ampoteze. Mwaka 1734 Bach aliutia wimbo ule ule katika muziki wake wa Krismasi, ukawa wa kumlaza mtoto Yesu. Wengine huona aibu. Mimi sioni, kwa maana wimbo wa kubembeleza ulikuwa wa mama kabla mjaribu hajauazima.

Na mzaha je? Isaya, katika sura ya 14, ashika namna ya maombolezo ya msiba, amcheke mfalme wa Babeli. Askari nao walimvika Bwana wetu vazi na taji ya miiba, wakampigia magoti: mfano wote wa kumtawaza mfalme, uliogeuzwa kuwa dhihaka. Nabii alimcheka mwenye kuwaonea mataifa. Askari walimcheka aliyefungwa. Basi mlevi akigeuza wimbo ili amcheke mzee wa kanisa akatazaye pombe mchana na kuinywa usiku, wazee na wausikie kwanza kabla ya kuukataza. Lakini akiugeuza wimbo wa maziko, mjane asikiaye ng'ambo ya migomba hana la kujibu.

Kwa habari ya sauti za ngoma, nawashauri waalimu wasiharakishe. Sauti iliyochezwa Jumamosi iliyopita ingali na maneno yake miguuni mwa vijana. Waulizeni kwanza wanakumbuka nini waisikiapo.