Waliochoka Kusubiri

Asubuhi kwenye geti la Lodoare, magari ya watalii hujipanga kungoja vibali vikaguliwe kabla ya kupanda kuelekea ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Madereva hutazama saa, maana kila dakika ya getini inatafuna muda wa wageni kule chini. Lakini ni nadra gari kugeuza kurudi Karatu. Mgeni amelipa, ametoka mbali, na simba wako ng'ambo. Tunamwita mvumilivu. Mimi nina shaka kama sifa hiyo ni yake au ni ya risiti yake.

Teremka hadi mjini, ukae kwenye benchi la zahanati. Mama aliyetoka Mang'ola na mtoto anayekohoa mgongoni naye anasubiri, ila gari la kurudi halimsubiri yeye. Likikaribia kuondoka, atainuka.

Kusubiri huku kuna hesabu yake. Hesabu ya foleni ilianzia kwenye simu. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alionyesha kwamba hata simu zinazoingia ovyo zina kanuni. Mwaka 1954 Alan Cobham akapiga hesabu ya foleni yenye kutanguliza baadhi ya watu. Tuseme muuguzi mmoja anaweza kuhudumia wastani wa wagonjwa 10 kwa saa, na wanaoingia ni 9, kila mtu kwa wakati wake. Wakihudumiwa kwa zamu, kanuni za kawaida zinatoa wastani wa dakika 54 za kusubiri kwa kila mmoja. Sasa tanguliza wazee, 3 kati ya hao 9. Wao watangoja dakika zisizofika 8. Wale 6 waliobaki, 77. Zidisha, jumlisha: dakika ni zilezile, zimehamia mabega mengine tu. Naunga mkono wazee kupishwa, tena kwa moyo wote, lakini kwenye kuta za hospitali sijaona tangazo linalotaja nani analipa.

Kinachonisumbua zaidi ni wanaoondoka. Waingie 12 kwa saa badala ya 9. Kama hakuna anayechoka, foleni itarefuka bila mwisho. Benchini hairefuki hivyo. Conny Palm wa Sweden, akiwachunguza wapigaji simu waliokata tamaa, aliingiza uchovu huo kwenye hesabu. Muuguzi wetu hawezi kuzidi 10, kwa hiyo si chini ya 2 kila saa wataondoka bila kuonwa, na foleni itatulia. Mkaguzi akipita atakuta benchi lina watu wa kadiri na muuguzi hana nafasi ya kupumua. Ataandika kwamba huduma inakwenda. Utulivu huo umetengenezwa na watu wasiokuwapo.

Tunasema mvumilivu hula mbivu. Kwenye foleni kama hii, sehemu ya hiyo mbivu ni zamu iliyoachwa na mwenzake. Naye mwenzake hakuwa na haraka ya tabia. Alikuwa na ng'ombe wa kunywesha, au nauli ya kwenda tu. Daftari la mapokezi huandika jina, umri, kijiji na ugonjwa. Safu ya waliojiandikisha wakaondoka bila kuonwa ingegharimu mstari mmoja wa rula.