Mwendo wa Siku 11



Masomo yetu: Kumbukumbu la Torati 1:2 na Yoshua 14:6-12.

Wengi wetu tunaifahamu Gisimenti, pale Remera, Kigali. Tunapita hapo tukifuatilia karatasi, au tukisindikiza ndugu kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe, ambao hauko mbali. Ndege ikipaa, watoto huuliza: inaenda wapi, itafika saa ngapi? Swali hilo lina jibu. Kutoka Kanombe hadi Brussels, Ubelgiji, ni karibu kilometa 6,400, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa masaa nane na nusu hivi. Anayepanda usiku hunywa chai ya asubuhi Ulaya.

Sasa tuhesabu safari yetu. Kigali na Goma haziachani hata kilometa 200 kwa barabara. Basi halimalizi siku. Lakini kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996, na waliozaliwa humo miaka ile sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Musa anataja jambo kama hilo. Kutoka Horebu hadi Kadesh-Barnea, anasema, ni mwendo wa siku 11. Siku 11 tu! Na watu wale walikaa jangwani miaka 40. Njia haikuongezeka hata hatua moja.

Hata angani ni hivyo. Februari 2025 Kongo ilizifungia ndege za Rwanda anga yake. Brussels haikuhama, ila rubani alilazimika kuzunguka. Mwezi mmoja kabla, Januari 2025, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokwisha kuuza masufuria na kuagana na majirani, mfuko wa IOM tayari mkononi, waliambiwa safari imefutwa.

Tumesikia wengine wakisema hao wana dhambi iliyofichika, au hawakufunga na kuomba vya kutosha. Ndugu, tusiseme hivyo. Ni kweli Israeli walicheleweshwa kwa kutokuamini. Lakini Kalebu na Yoshua waliamini, na bado walizunguka jangwani miaka ileile pamoja na wasioamini. Kalebu alikuwa na miaka 40 alipotumwa kuipeleleza nchi. Alipouomba mlima wake alikuwa na miaka 85. Alicheleweshwa na mambo ya watu wengine, kama jirani zetu walivyocheleweshwa na saini iliyowekwa mbali, na mtu asiyewajua.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto asitolewe shuleni kwa sababu ya habari za ndege. Kijana anayejifunza kushona amalize mafunzo yake. Na waliofutiwa safari wasiachwe peke yao. Wengine waliuza hata godoro. Mwenye sufuria mbili anajua la kufanya. Akija mtu kukudai pesa ili jina lako lirudi kwenye orodha, huyo ni mwizi: huduma za UNHCR hazilipiwi. Usimpe hata faranga mia. Njoo kwanza kwa wazee wa kanisa.