Nishani ya Marejeo

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Methali hii haikutueleza habari za yule aliyecheza ugenini, katika uwanja wa watu, kisha akarejea kwao kupokea tuzo.

Mwaka 1868 jeshi la Uingereza na India, kiasi cha askari 13,000 chini ya Robert Napier, lilipanda milima ya Uhabeshi hadi ngome ya Magdala, kuwakomboa Wazungu waliofungwa na Mfalme Tewodros. Tarehe 13 Aprili ngome ilitekwa, Tewodros alijiua. Jeshi likarejea na shehena ya mataji na vitabu vya kale vya ibada. Mwaka uliofuata ikaamriwa nishani ya fedha kwa waliokwenda, na nyuma ya baadhi ya nishani hizo jina la askari likatokezwa kwa herufi zilizoinuka, hata kidole kiweze kulisoma.

Mwendo ule ulikuwa mzito, na mwenye insafu hawezi kumnyima askari ushujaa wake. Je, nishani yaweza kumsifu mwendaji bila ya kuusifu mwendo? Naona haiwezi. Lugha yetu huyaita madini na malipo kwa jina moja, fedha. Walakini jasho la askari lilikuwa na ujira wake, nao ni mshahara. Nishani ni kitu kingine: ni ushahidi wa dola, mbele ya umma, kwamba safari ilikuwa njema.

Ushahidi huo una pengo. Pamoja na waliorejea alichukuliwa Alemayehu, mwana wa Tewodros, mtoto wa miaka saba. Mama yake alifia njiani. Mwenyewe alifariki Leeds mwaka 1879, akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Mwaka 2023 kasri ya mfalme wa Uingereza ilikataa ombi la kuirejesha mifupa yake, kwa hoja kwamba kuifukua kungewasumbua maiti wengine. Mwaka huohuo Wahabeshi walikabidhiwa kishungi cha nywele zake.

Sisemi nishani hizo ziyeyushwe. Na zihifadhiwe, zisomwe pande zote mbili. Dola iliyoona kurejea kwa askari wake ni jambo la kupigiwa chapa katika fedha, imekiri kwamba kurejea kwao ni haki yenye thamani. Kwa kukiri huko, inadaiwa marejeo ya mtoto wa wenzake.