Jibu Lisilo na Sababu

Mtu akitoa jibu la kweli kila aulizwapo, lakini asiweze kulitolea hata sababu moja, je, tuseme kwamba anajua? Swali hili tulilikuta katika mchezo wa sataranji, nasi twaliweka mbele ya walimu wenzetu kwa kuwa latuhusu.

Wachezaji wamejua tangu zamani kwamba mfalme na malkia huwashinda mfalme na ngome. Vitabu vilieleza na sababu: ngome ina usalama ikiwa karibu na mfalme wake, ikitengwa naye huangamia. Katika miaka ya 1970 Ken Thompson wa Bell Laboratories, Marekani, aliifanyisha kompyuta kazi ya kinyumenyume. Ilianza na hali ambazo mchezo umekwisha, ikarudi nyuma hatua moja moja, hata kila mpangilio wa kete hizo nne ukapata jibu lake. Walter Browne, aliyepata kuwa bingwa wa Marekani, akaweka dau la dola 100 kwamba ataishinda. Alipewa malkia, mahali ambapo ushindi ulikuwa umbali wa hatua 31. Kanuni ilimruhusu hatua 50. Hazikumtosha. Mashine iliipeleka ngome mbali na mfalme, jambo ambalo vitabu vilikataza, naye akababaika. Akaenda kujifunza, akarudi, akaikamata ngome katika hatua ya 50 barabara. (Tukiri kwamba nyoyo zetu zilikuwa upande wake.)

Basi nani alijua? Browne alikuwa na sababu tele, na baadhi yake hazikuwa kweli. Mashine haikukosea kamwe, lakini ukiiuliza kwa nini, haina ila orodha. Orodha za namna hiyo zimezidi kukua: huko Moscow, mwaka 2012, zilifikia kete 7, na humo mna ushindi wa hatua zaidi ya 500 ambao hakuna bingwa awezaye kuueleza.

Wengine watasema kwamba ujuzi bila sababu si ujuzi. Nasi tulisema hivyo, maana mwalimu asiye na sababu atafundisha nini? Sisi tulio mbali na pwani tulikipata Kiswahili fasaha kwa kanuni, na kwa kanuni tunakitoa.

Lakini mwaka mmoja tuliandika ubaoni kwamba majina yote ya watu hufuata upatanisho wa ngeli ya kwanza. Mwanafunzi mmoja, aliyelelewa na bibi yake Mombasa, akaandika "rafiki yangu". Tukampunguzia alama. Akasimama kwa adabu, akasema, "Ndivyo tusemavyo nyumbani, Mwalimu." Tulimjibu kwamba hiyo si sababu, akakaa.

Kweli haikuwa sababu. Ilikuwa jibu, tena jibu sahihi. Kanuni yetu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Tulikuja kulitambua hilo baadaye, mwanafunzi yule akiwa amekwisha maliza shule, na alama ile hatukupata kumrudishia.