Nani Asogee?

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Methali hii yafundisha busara ya mnyonge, nayo ni busara ya kweli, kwani mwenye baiskeli hashindani na lori barabarani. Lakini je, ni kanuni ya haki? Pande mbili zipaswazo kuungana zisipokutana, ni nani hasa mwenye wajibu wa kusogea? Naomba tulitazame swali hili kwa mfano wa reli.

Sisi wa Ajia, wilayani Arua, reli hatunayo. Njia itokayo Tororo ilifika Pakwach mwaka 1964, ikakomea huko. Kwa hiyo mfano wangu nauchukua Ziwa Viktoria, ambako meli mbili, Umoja na Uhuru, zilianza katika miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya garimoshi. Juu ya sitaha ya kila meli zimelazwa reli, na gatini ziko reli nyingine. Baina yake pana daraja fupi lenye bawaba upande wa nchi kavu. Ncha yake ya majini huinuliwa au kushushwa mpaka reli za pande zote zilingane. Zikipishana, gurudumu litaacha njia.

Kwa nini daraja ndilo lisogezwe? Kwa sababu meli haichagui kimo chake. Maji ya ziwa hupanda na kushuka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Tena kila behewa liingialo huizamisha meli kidogo, na mabehewa yakijazwa upande mmoja huilaza. Gati, kwa upande wake, limesimama imara. Basi bawaba imewekwa kwa yule aliye na pa kukanyaga.

Huenda msomaji akauliza: je, mwenye kusogea hapotezi msimamo wake? Hapa hatuna budi kutenga mambo mawili, kimo na upana. Kimo ni hali. Upana ni kanuni. Upana wa reli zetu za kale ni milimita 1000, melini na gatini vilevile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Umoja ilibaki Tanzania na Uhuru ikabaki Kenya, lakini upana haukubadilika. Ndiyo maana Umoja imeweza kupokelewa hata Port Bell, Uganda. Kinyume chake, reli mpya ya Kenya, iliyoanza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1435. Ikutanapo na ile ya kale, hakuna bawaba iwezayo kusaidia. Shehena haina budi kuhamishwa.

Nasema haya nikijihukumu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi kutoka Koboko, ambako Kiswahili aghalabu hujifunzwa sokoni, miongoni mwa wachuuzi wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini, alisimama darasani akasema, "Mwalimu, mimi iko na swali." Nilicheka, na darasa zima likacheka. Swali lenyewe sikulisikia, kwani aliketi, na muhula mzima hakuuliza tena.

Lugha yake haikuwa na upana mwingine. Ilikuwa lugha hii hii, ila chini ya kimo changu, na kimo hicho hakukichagua. Mimi niliyesimama juu ya nchi kavu, mwenye stashahada, kamusi na chaki, ndiye niliyepaswa kushuka: nilisikilize swali, nilijibu, kisha nimwonyeshe kwamba twasema, "Nina swali." Kumwachia kosa lake milele kungalikuwa kuharibu upana, na huo si wema, maana vitabu na mitihani vingemwangusha mbele ya safari. Lakini kusahihisha kabla ya kusikiliza ni kulisukuma behewa kabla ya kulinganisha reli.

Basi naona methali yetu yasema nusu tu ya jambo. Mnyonge humpisha mwenye nguvu kwa busara. Mwenye nguvu humsogelea mnyonge kwa haki. Mwalimu mwenzangu, kesho mwanafunzi akisimama na maneno yaliyo chini ya sarufi yako, shusha daraja kwanza. Mimi swali la kijana yule silijui hata leo.