Zilipendwa na Nani?

Neno "zilipendwa" lina siri ya kisarufi: linataja kilichopendwa, likamficha aliyependa. Biashara ya redio imejenga makao katika pengo hilo.

Mwaka 1972 kituo cha WCBS-FM cha New York kilianza kupiga nyimbo za zamani, nyingi zikiwa za miaka ya 1950 na 1960. Juni 2005 kiliziacha ghafla. Wasikilizaji wakalalamika, na Julai 2007 zikarejea. Hazikurejea zilezile: za miaka ya 1950 zilipungua, za 1970 na 1980 zikashika nafasi. Sababu ni hesabu. Wenye matangazo ya biashara hulipia hasa masikio ya watu wa miaka 25 hadi 54. Anayetimiza 55 huhesabiwa kidogo, ingawa bado anasikiliza. Wimbo hauzeeki; azeekaye ni msikilizaji, naye huondoka na wimbo wake.

Je, hii ni dhuluma? Kituo kisicho na mapato hunyamaza, na aliyekuwa kijana mwaka 1985 naye ana haki ya kukumbuka. Haki hiyo siipingi. Lakini kumbukumbu si kiti cha basi, hata mmoja asipande mpaka mwingine ashushwe. Saa chache kwa juma zingetosha kumjulisha mzee kwamba bado yumo miongoni mwa wasikilizaji. Kosa ni kuliachia soko peke yake limtaje yule ambaye sarufi ilimficha: aliyependa.